Dawa ya Usingizi, Kufuli na Jiko la Mkaa

Mabogini ni nchi ya mpunga. Kusini mwa mji wa Moshi, pale ambapo miteremko ya Kilimanjaro imekwisha kulainika na kuwa tambarare, maji yatokayo upande wa mlimani huingia katika mifereji ya mradi wa umwagiliaji wa Moshi Chini, uliokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, na majaruba huwa kijani hata wakati ambapo ardhi ya jirani imekauka. Mavuno yanapofika, malori nayo hufika. Lori lisilopata shehena yake kwa siku moja hulala karibu na mashine ya kukoboa, na dereva na utingo wake hulala ndani yake. Barabara kuu ipitayo Moshi hutumiwa pia na msafiri wa namna nyingine, yaani mgeni aliyeiweka nyumba yake juu ya magurudumu. Gari lake lina kitanda, meza, jiko na tangi la maji. Amelitoa Nairobi, au Cape Town, au hata Ulaya, naye amekuja kuuona mlima. Gari la namna hiyo na liitwe hapa gari-nyumba.

Dereva wa lori na mwenye gari-nyumba hawafanani kwa kipato wala kwa lugha. Lakini wote wawili hulala ndani ya chumba kidogo cha bati, ugenini, mali yao ikiwa imewazunguka, na wote wawili wana hofu moja: kwamba usiku mwizi atawapulizia dawa ya usingizi, kisha aingie na kuchukua apendavyo huku wao wamelala kama maiti.

Katika vijiji na miji ya Tanzania hadithi hii inajulikana na kila mtu. Husimuliwa kwamba mwizi hupuliza kitu dirishani, au hunyunyiza udongo wa kaburini juu ya paa, au huchoma mzizi fulani upepo ukiwa unaelekea nyumbani. Asubuhi redio haipo, nguo hazipo, pengine hata godoro limevutwa kutoka chini ya mtu na yeye hana habari. Jambo ambalo halijulikani sana ni kwamba hadithi hiyohiyo husimuliwa na watu wa Ulaya wasafirio kwa magari-nyumba katika Ufaransa na Hispania. Wao hawataji udongo wa kaburini. Wanataja gesi iliyoingizwa kwa mpira kupitia tundu la hewa. Viwanda vimetengeneza vifaa vya kupiga king'ora pindi gesi hiyo inapoingia garini, na watu wanavinunua. Huku huuzwa zindiko, kule huuzwa king'ora. Tofauti kubwa iliyopo ni kwamba king'ora kina betri.

Makala haya yanadai kwamba gesi hiyo haipo, na kwamba kuiamini si upuuzi mdogo wa kuchekwa na kuachwa. Imani hiyo inaharibu ulinzi wa kweli, na mara nyingine inaua.

Hofu yenyewe si ya jana. Etha ilionyeshwa hadharani kuwa dawa ya nusukaputi mjini Boston, Marekani, tarehe 16 Oktoba, 1846. Klorofomu ilifuata mwaka mmoja baadaye. Haikupita miaka mitano kabla watu wa London hawajaanza kusadiki kwamba wanyang'anyi wanatumia klorofomu kuwalaza wapita njia, hata Bunge likaletewa sheria ya kuwaadhibu. Daktari John Snow, ambaye alikuwa bingwa wa nusukaputi kuliko wote wa zama zake, na ambaye wanafunzi wa biolojia humjua kwa uchunguzi wake wa kipindupindu, alimwandikia Lord Campbell barua mwaka 1851 kuieleza shaka yake. Yeye aliyewalaza wagonjwa wengi kwa mikono yake alijua ugumu wa kazi hiyo. Mtu aliye macho hupigana na klorofomu, na mtu aliyelala huamshwa nayo. Zaidi ya karne moja na nusu baadaye, Chuo cha Kifalme cha Wataalamu wa Nusukaputi cha Uingereza kililazimika kutoa taarifa kwa umma kuhusu habari za magari-nyumba, kikisema mambo yaleyale: dawa ya namna hiyo haijulikani, na ingekuwapo ingehitajiwa kwa kiasi kikubwa mno.

Kiasi hicho ni kikubwa namna gani? Hili si swali la mabingwa peke yao. Mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyekwisha kufundishwa moli anaweza kulijibu kwa kalamu na karatasi, na inafaa alijibu mwenyewe.

Na ichukuliwe kwamba chumba cha gari-nyumba kina urefu wa mita 4, upana wa mita 2 na kimo cha mita 2. Ujazo wake ni mita za ujazo 16, yaani lita 16,000. Ili mgonjwa wa kawaida alale kwa etha hata asishtuke akikatwa kwa kisu cha mganga, hewa aivutayo yapasa iwe na mvuke wa etha karibu asilimia 2. Asilimia 2 ya lita 16,000 ni lita 320 za mvuke. Kwa kipimo cha shuleni cha lita 24 kwa kila moli, hizo ni moli 13 na kidogo. Moli moja ya etha ina gramu 74. Jibu ni takriban kilo moja ya etha, au karibu lita moja na nusu ya majimaji, na hapo imechukuliwa kwamba gari halina ufa hata mmoja. Mwanafunzi mwenye bidii atauliza juu ya dawa zilizovumbuliwa baadaye ambazo nguvu zake ni kubwa zaidi. Swali hilo ni jema. Halotheni hutosha kwa asilimia 0.75 tu, lakini moli yake ina gramu 197, na hesabu ikirudiwa, mizani huonyesha tena karibu kilo moja.

Mwenye kutetea hadithi atasema kwamba mwizi hana haja ya kumkata mtu kwa kisu. Anataka alale tu. Hoja hiyo ni ya haki. Ili mtu aliyekwisha kupoteza fahamu asizinduke, theluthi ya kiasi hicho yaweza kutosha. Basi na zigawanywe kilo kwa tatu. Bado zabaki gramu zaidi ya 300, nazo si za kumwagwa tu bali za kugeuzwa mvuke na kuenezwa sawasawa katika chumba chote, kimyakimya, kupitia tundu. Etha inapogeuka mvuke hunyonya joto na kupoa upesi, na kadiri inavyopoa ndivyo inavyozidi kukawia kugeuka. Mvuke wake ni mzito mara mbili na nusu kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa sakafuni ilhali kitanda kiko juu. Harufu yake ni kali, huwasha koo na kumkohoza mtu, nayo husikika muda mrefu kabla nguvu yake haijafika. Kisha huwaka kwa urahisi wa kutisha: ile asilimia 2 iliyokadiriwa hapo juu imekwisha kufikia kiwango cha kulipuka, na magari-nyumba mengi yana majokofu yanayotumia ndimi za moto wa gesi. Tena, hata mgonjwa aliyefunikwa pua na mdomo kwa etha iliyokolea huchukua dakika nyingi kulala. Mwizi angesimama nje robo saa na zaidi akiwa amebeba chupa, kisha aingie mwenyewe katika hewa ileile. Anayeweza kufanya hayo yote bila kujilaza, bila kujiunguza na bila kumkohoza mtu, hana sababu ya kuiba mchele; hospitali zote za dunia zingemgombania.

Maana kazi ya hospitali si nyepesi hata kidogo. Katika hospitali ya KCMC ya Moshi, ambayo ilifunguliwa mwaka 1971 na ambayo hufundisha wauguzi kazi ya nusukaputi, mtoa dawa haondoki kichwani pa mgonjwa. Huangalia pumzi, mapigo ya moyo, rangi ya midomo, na jinsi taya lilivyokaa. Sababu ni kwamba kati ya kulala na kufa pana nafasi ndogo. Mtu aliyepoteza fahamu ulimi wake huweza kurudi nyuma na kuziba koo. Akitapika huweza kupaliwa na matapishi. Familia iliyolazwa kwa gesi bila mtu wa kuiangalia isingeamka yote asubuhi ikilalamikia redio. Baadhi yao wangekuwa wamekufa.

Jambo hili limekwisha kujaribiwa, kwa bahati mbaya. Mwezi Oktoba, 2002, watu wenye silaha waliwateka watazamaji katika ukumbi wa maonyesho mjini Moscow. Serikali ya Urusi, ikiwa na wataalamu na maabara zake, iliingiza katika matundu ya hewa dawa ya jamii ya fentanili, ambayo nguvu zake ni kubwa kupita etha mara nyingi sana. Watekaji walilala, na mateka wakalala. Mateka wapatao 130 walikufa, na karibu wote waliuawa na dawa ile iliyokusudiwa kuwaokoa. Kama dola kubwa ilishindwa kuwalaza watu kwa salama, ni vigumu kusadiki kwamba kijana mwenye bomba la baiskeli anaweza nyuma ya mashine ya mpunga.

Labda imani hii hupata nguvu kutokana na kitu kinachoonekana kila jioni. Mabogini kuna mbu wengi, kama ilivyo popote penye majaruba. Mtu hupuliza dawa ya mkebe chumbani, na baada ya dakika chache mbu wamelala sakafuni. Ikiwa dawa ya mbu huangusha mbu, kwa nini dawa ya watu isiangushe watu? Neno lenyewe ni moja, kupuliza. Lakini mbu mmoja ana uzito wa miligramu 2 hivi, na mtu mzima ana kilo 60. Mtu mmoja ni sawa na mbu milioni 30. Juu ya hayo, sumu za jamii ya pareto zilizomo katika mikebe mingi hudhuru mishipa ya fahamu ya mdudu kuliko ya mwanadamu. Ndiyo sababu huruhusiwa kupulizwa chumbani mwa watu.

Baada ya hesabu zote hizo, huinuka mtu mmoja, kwa kawaida mzee mwenye heshima yake, akasema: lakini hawakuamka! Mwalimu asimcheke mzee huyo. Anachokisema ni kweli. Watu waliibiwa nao hawakuamka. Kosa halimo katika ushahidi, limo katika sababu iliyotolewa.

Usingizi wa kawaida una vina vyake. Usingizi mzito kuliko wote huja hasa katika theluthi ya kwanza ya usiku, na mtu akiwa ndani yake huweza kuitwa kwa jina asisikie. Akiamshwa kwa nguvu huduwaa, hajui aliko, na huenda akarudi kulala asikumbuke lolote asubuhi. Aliyekosa usingizi jana huulipa leo kwa usingizi mzito zaidi, na dereva aliyeendesha kutwa ni mtu wa namna hiyo. Akiwa amepitia mbege kidogo, au amemeza vidonge vya mafua, kina huongezeka. Kichwa kizito cha asubuhi nacho kina maelezo. Mtu aliyelala hutoa lita zipatazo 12 za kabonidioksaidi kwa saa. Wawili waliojifungia katika chumba cha mita za ujazo 16 kwa saa nane hutoa karibu lita 190, na kama hakuna upenyo wowote, hewa yao hufika zaidi ya asilimia 1. Hiyo ni hewa nzito ya kuumiza kichwa, lakini si mwizi aliyeileta.

Tena wanaosimulia ni akina nani? Mtu aliyeamka, akakohoa, na mwizi akakimbia, hana hadithi ya kusimulia kwa miaka kumi. Aliyelala mpaka asubuhi anayo. Hadithi zinazosikika zote ni za walioshindwa kuamka, kwa sababu walioamka hawakuibiwa. Wanafunzi wa takwimu wana kazi ya kufanya hapo.

Ni lazima kuitenga habari moja ambayo ni ya kweli. Wapo wezi wanaotia dawa katika soda, biskuti au chai na kumkaribisha abiria mwenzao ndani ya basi, kisha wakamwibia akiwa amelala. Hilo linawezekana kabisa kisayansi, kwa sababu kidonge kilichoyeyushwa katika kinywaji huingia chote tumboni mwa mtu mmoja, wala hakitawanyiki katika lita 16,000 za hewa. Msafiri akatae chakula cha asiyemjua, hata kama kukataa kunaonekana ni utovu wa adabu. Kuichanganya habari hii ya kweli na ile ya kupuliziwa ni kuidhoofisha.

Sasa yafaa kuuliza imani hii inafanya kazi gani, maana haingedumu kama haina faida kwa mtu. Inamfaa mlinzi. Mlinzi aliyelala kazini akisema alipuliziwa dawa, husamehewa, na pengine huonewa huruma. Inawafaa majirani waliosikia kishindo wakajifunika shuka. Inamfaa mwenye mali, kwa kuwa haoni haya tena ya kuacha dirisha wazi. Kila mmoja hupata udhuru, na hakuna anayekwenda kutazama komeo lilifunguliwaje. Baya zaidi, badala ya kumtafuta mwizi, watu huanza kumtafuta mwenye dawa; na mwenye dawa mara nyingi hugeuka kuwa mzee wa jirani asiye na mtu wa kumtetea.

Ulinzi wa kweli wa chumba cha magurudumu unategemea jambo moja ambalo ni la fizikia zaidi kuliko la dawa, nalo ni muda. Hakuna kufuli isiyofunguka. Mwaka uleule wa 1851, katika jiji lilelile la London ambako Snow alikuwa akiandika barua yake, fundi wa Kimarekani Alfred Charles Hobbs aliifungua kufuli ya kampuni ya Bramah iliyokuwa dirishani mwa duka tangu mwaka 1790 pamoja na ahadi ya zawadi kwa atakayeishinda. Ilimchukua zaidi ya saa 50, zilizogawanyika katika siku 16. Kufuli ilishindwa, lakini kama kufuli ilifanya kazi njema kupita kiasi, maana hakuna mwizi mwenye siku 16. Kazi ya kufuli ni kuuza dakika. Kazi ya mlinzi, mbwa, taa na jirani ni kuzinunua. Kufuli nzuri mahali pasipo na mtu wa kusikia ni dakika zilizouzwa bila mnunuzi. Na mlinzi aliyekaa karibu na mlango usiofungwa hana dakika hata moja ya kununua.

Wahenga wa Kichagga waliijua kanuni hii bila kuiandika. Mapango waliyoyachimba ardhini, kama yale ya Marangu, ili kujificha pamoja na mifugo yao wakati wa mashambulizi, yalikuwa na njia nyembamba za kupita. Adui angeweza kuingia, lakini mmoja mmoja, akiwa ameinama, na polepole.

Kwa kipimo hicho, gari-nyumba ni nyumba dhaifu. Milango yake ya ubavuni mara nyingi ni bati jembamba lililobandikwa juu ya povu, na madirisha yake ni ya plastiki yenye vishikizo vidogo vya ndani. Vitasa vya vyumba vyake vya nje ni aibu: katika magari mengi yaliyotengenezwa Marekani, ufunguo mmoja wenye namba CH751 hufungua vyumba vya maelfu ya watu. Mwenye gari abadilishe vitasa hivyo kabla ya kununua king'ora cha gesi. Milango miwili ya mbele yaweza kufungwa pamoja kwa mkanda imara unaopita ndani kutoka mlango hadi mlango, ili hata kitasa kikishindwa mlango usifunguke. Mkanda huo uwe wa kufunguka kwa mkono mmoja gizani, kwa kuwa moto hausubiri. Komeo la ndani, lililofungwa kwa skrubu zipitazo hadi kwenye mhimili wa chuma, lina thamani kuliko kufuli kubwa iliyoning'inia kwenye pete ya waya.

Lori lina mambo yake. Kinachoibwa ni mafuta ya tangini, betri, tairi la akiba, vioo vya pembeni na magunia yaliyo chini ya turubai. Desturi ya Watanzania ya kuchonga namba za gari juu ya vioo na taa ni ya busara na inafuata kanuni nyingine: haimzuii mwizi kuchukua, bali humzuia kuuza. Betri na tangi vifungwe kwa nondo iliyochomelewa, na lori liegeshwe upande wenye mali ukitazama mahali penye mwanga na watu. Changarawe chini ya miguu ni king'ora kisichohitaji umeme. Ulinzi wa sungusungu, ambao ulianza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 kabla ya kuenea kwingineko, ulipofaulu ulifaulu kwa sababu watu waliamka na kutoka nje kwa pamoja. Mgeni aliyeegesha gari porini peke yake, mbali na macho ya watu, ameacha mlinzi wa bei nafuu kuliko wote. Na mchana, anapokwenda sokoni, mali isionekane kioo kilipo, kwani gari lisilo na mtu halihitaji hata kusubiri usiku.

Limebaki jambo la kifo. Mtu anayeogopa kupuliziwa dawa hufanya nini? Huziba. Huziba tundu la hewa kwa nguo, hufunga madirisha yote, huweka gazeti chini ya mlango. Huko Mabogini joto humzuia asidumu katika hali hiyo, lakini apandapo kuelekea Marangu au Machame mwezi wa Julai hukuta baridi, na baridi humfanya aingize jiko la mkaa ndani. Mkaa ukiungua pasipo hewa ya kutosha hutoa kabonimonoksaidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu, haiwashi koo, haimkohozi mtu. Hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Etha huhitaji sehemu 20,000 katika milioni kumlaza mtu. Kabonimonoksaidi huweza kumuua kwa saa chache ikiwa sehemu 1,600 katika milioni. Aliyelala huzidi kulala, wala hana nafasi ya kutambua kwamba kichwa kinamuuma. Ile gesi ya hadithi, inayoingia bila kunuka na kumchukua mtu usingizini, kwa kweli ipo, lakini aliyeileta chumbani ni mwenye chumba mwenyewe, alipokuwa akijikinga na mwizi.

Ndiyo maana mwalimu wa kemia asilipite suala hili. Hesabu ya moli iliyotolewa hapo juu yatosha kipindi kimoja. Kipindi kingine kitumike kwa jaribio jepesi: madirisha ya darasa yafungwe, wanafunzi wafumbe macho, na bakuli la siki liwekwe kimya mlangoni. Kila mmoja ainue mkono anaposikia harufu, na mwenye saa aandike dakika. Wataona wenyewe jinsi mvuke unavyosafiri polepole, jinsi ulivyo mwingi hapa na haba pale, na jinsi pua inavyowahi.

Msafiri naye anahitaji tundu ambalo hupitisha hewa lakini halipitishi mbu wala mkono. Fundi yeyote wa kuchomelea mjini Moshi anaweza kulitengeneza: fremu ya chuma iliyofungwa kwa ndani, nondo nyembamba zilizoachana sentimita 5, na nyuma yake wavu wa mbu unaoweza kutolewa na kufuliwa. Yawe mawili, moja chini na moja juu upande wa pili, kwa kuwa hewa ya moto hupanda na kutoka kwa juu na ya baridi huingia kwa chini. Hayazibwi usiku, hata kukiwa na baridi. Jiko la mkaa hubaki nje, na anayesikia baridi huongeza blanketi.